Mtafiti kagoma kuongea na waandishi, mwandishi anasema alipewa mhadhara. Naombeni ushauri

Kipimajoto (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi ya mawasiliano katika taasisi inayotafiti tabianchi. Mwandishi akitaka mtaalamu anapitia kwangu, mtaalamu akiwa na matokeo mapya nayo yanapitia kwangu. Kwa sasa pande zote mbili zimenuniana na simu zote naletewa mimi.

Chanzo ni mahojiano. Baada ya mvua kubwa na mafuriko, mwandishi wa chombo kimoja (sikitaji) alimpigia mtafiti wetu akamuuliza kama mafuriko yale yamesababishwa na mabadiliko ya tabianchi. Mtafiti akaeleza kwa kirefu. Kesho yake kichwa cha habari kikasema: "Mtaalamu: Tabianchi haihusiki na mafuriko." Ukisoma ndani, maneno yake yamenukuliwa sawasawa: "Hatuwezi kusema tukio moja limesababishwa na mabadiliko ya tabianchi." Ila sentensi iliyofuata, ile yenye jibu lenyewe, haimo.

Mtafiti kaapa hapokei tena simu ya mwandishi yeyote. Mwandishi naye kaniambia, tena kwa upole tu, "Nilimuuliza swali moja, akanipa mhadhara."

Wakubwa wanataka niandae mafunzo ya pamoja. Nianzie wapi? Kwa mwanasayansi ajifunze kuongea, au kwa mwandishi ajifunze kusoma ripoti? Na je, mtafiti akiomba aione habari kabla haijatoka, ni halali? Nawasilisha.

DawatiLaUsiku

Pole mkuu. Mimi nimezeekea kwenye uhariri, wacha niseme ya upande wetu.

Kwanza, kuna uwezekano mkubwa yule mwandishi hakuandika kile kichwa cha habari. Vichwa huandikwa na mtu mwingine mezani, usiku, ambaye hakumsikia mtafiti wako hata mara moja. Kwa hiyo ukiandaa mafunzo ukaalika waandishi peke yao, umemwacha nje mtu aliyeharibu.

Pili, mtafiti wako aliongea kwa mpangilio wa makala ya kisayansi: tahadhari kwanza, matokeo baadaye. Sisi tunakata kuanzia chini. Nafasi ikibana, kinachobaki ni kile ulichosema mwanzo. Sasa dawa si kumwambia aache tahadhari. Aziingize ndani ya sentensi ileile yenye jibu, ili mkasi usipate pa kupita. Mfano: "Joto lililoongezeka duniani linafanya mvua kubwa kama hii ibebe maji mengi zaidi, ingawa kwa mvua hii yenyewe bado tunapima ni kiasi gani." Jaribu kuikata hiyo. Ukiikata popote haisemi kwamba tabianchi haihusiki.

Jamvi_la_Data

Nakubaliana na DawatiLaUsiku, ila swali lenyewe nalo lina kasoro. "Je, imesababishwa na tabianchi?" ni swali la ndiyo au hapana kwa jambo ambalo halina ndiyo wala hapana. Mfundishe mwandishi aulize hivi: je, mvua kama hii sasa hivi inatokea mara nyingi zaidi kuliko ambavyo ingetokea dunia isingepata joto? Inapotokea, ni kali zaidi kwa kiasi gani? Na ni nini kingine kilichogeuza mvua kuwa maafa, maana mvua na mafuriko si kitu kimoja: kuna mifereji iliyoziba, kuna nyumba zilizojengwa mabondeni, kuna onyo ambalo halikuwafikia watu.

Maswali mawili ya kwanza yana fani yake kabisa. Kundi la World Weather Attribution, lililoanza mwaka 2014, linalinganisha tukio lililotokea na hali ya dunia isiyo na joto tuliloongeza, na mara nyingi hutoa majibu ndani ya siku au wiki chache, habari ikiwa bado mbichi. Na si kwamba jibu lao ni lilelile kila mara. Walipochunguza ukame wa kusini mwa Madagaska uliosababisha njaa, mwishoni mwa 2021 walisema mchango wa mabadiliko ya tabianchi, kama upo, ni mdogo. Umaskini na mabadiliko ya kawaida ya mvua ndivyo vilivyoumiza zaidi. Wakati huo vyombo vingi vilikuwa vimeshauita njaa ya tabianchi. Huo mfano uweke kwenye mafunzo yako, utawatuliza wale wanaodhani wanasayansi wana jibu la mfukoni.

Na hata kabla utafiti wa tukio haujafanyika, mtafiti wako ana cha kusema siku ileile bila kujifunga: hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hiyo ni fizikia, haisubiri modeli.

mzee_wa_kauli_fupi

Waandishi hawasomi. Tatizo ni hilo tu, mengine mnapamba.

DawatiLaUsiku

@mzee_wa_kauli_fupi ripoti ya IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi) ya 2021 kuhusu sayansi ya tabianchi peke yake inazidi kurasa 2,000. Niambie nani ataisoma akiwa na saa tatu kabla ya gazeti kwenda mitamboni. Kuna muhtasari kwa watunga sera, ambao serikali huupitisha mstari kwa mstari, na ndio tunaousoma. Nao umeandikwa kwa lugha ya kikao.

Asilimia90

Hapo kwenye lugha ya kikao ndipo nilipotaka kuingia.

IPCC wana maneno yenye vipimo. Wakisema jambo "linaelekea kutokea" wanamaanisha uwezekano wa asilimia 66 au zaidi. Wakisema "linaelekea sana" ni 90 au zaidi. "Karibu hakika" ni 99 au zaidi. Msomaji wa kawaida hajui hilo. Wanasaikolojia waliwapa watu sentensi za IPCC wasome, matokeo yakachapishwa mwaka 2009: wengi waliliweka "linaelekea sana" chini kabisa ya asilimia 90. Yaani mwanasayansi anadhani amepiga kelele, msomaji anasikia mnong'ono. Namba ikikaa pembeni ya neno, tofauti inapungua. Kwa hiyo sheria moja ya mafunzo: neno lisitoke bila namba yake.

Kingine kinachonikera ni "mafuriko ya miaka 100". Watu wanaelewa yakija leo basi tumepumzika karne nzima. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mtu akiishi miaka 30 mahali hapo, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Andika hiyo 26. Inamgusa mtu anayelipia nyumba.

Mtafiti_Mstaafu

Mleta mada, mimi nimekuwa upande wa yule aliyenuna, na namwelewa. Mwandishi anaondoka, mimi nabaki na wenzangu kazini wananiuliza nilisema nini. Kwa maoni yangu mtafiti ana haki ya kuiona habari nzima kabla haijatoka. Jina lililomo ni lake.

DawatiLaUsiku

Hapo hapana, mzee wangu, kwa heshima zote. Leo nikikupa wewe habari nzima, kesho waziri naye atataka, na mwenye kiwanda kinachotoa moshi atataka, tena kwa hoja hiyohiyo yako ya jina. Chombo makini hakikubali.

Kinachowezekana ni hiki: mwandishi akusomee nukuu zako, namba zote, na zile aya zinazoeleza sayansi. Wewe unasahihisha ukweli. Mwelekeo wa habari si wako, na aliyehojiwa baada yako si wako. Na kuna saa: tukikubaliana ndani ya saa moja, ni saa moja. Usipojibu habari inatoka.

Mtafiti_Mstaafu

Saa moja? Niko maabara, simu iko kwenye droo.

DawatiLaUsiku

Ndiyo maana mtu kama mleta mada analipwa mshahara, mzee. Aende akagonge mlango wa maabara.

Ila nakupa nusu ya hoja: kichwa cha habari na kiwemo kwenye kinachosomwa. Wengi hawatakubali, lakini kuomba hakudhuru, na kesi hii ilianzia hapohapo.

Kipimajoto (mleta mada)

Nashukuru sana wakuu. Nimeandika pembeni: mtu wa vichwa vya habari aalikwe, tahadhari iingie ndani ya jibu, neno na namba yake, na makubaliano ya saa moja nitayaandika karatasini pande zote zisaini. Mzee, maabara nitakuja kugonga mwenyewe.

Swali: nikitafuta mfano mmoja wa kufanyia zoezi, upi una mtego wa kutosha?

Jamvi_la_Data

Chukua mwaka 2024. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema wastani wa joto la mwaka ule ulikuwa karibu nyuzi 1.55 juu ya kipindi cha 1850 hadi 1900. Wape pande zote mbili taarifa hiyo, kila mtu aandike kichwa cha habari. Angalau mmoja ataandika kwamba lengo la Paris limeshavunjwa. Halijavunjwa: lengo la kuzuia joto lisizidi nyuzi 1.5 katika Mkataba wa Paris wa 2015 linapimwa kwa wastani wa muda mrefu, si mwaka mmoja, na 2024 ulianza na El Niño (maji ya Pasifiki ya tropiki yanapopata joto kwa mzunguko wa asili) iliyoongeza joto juu ya joto. Mwingine naye, kwa kuogopa kosa hilo, ataandika kitu baridi mpaka msomaji aone hakuna shida. Wakae wabishane hapo katikati. Mafunzo yako ndiyo hayo, slaidi zipunguze.

Asilimia90

Na wabadilishane viti. Yule mtafiti aliyekasirika umpe kazi ya mwandishi: dakika ishirini, maneno mia mbili, na simu inalia. Yule mwandishi awe mtaalamu wa kujibu.

Kipimajoto (mleta mada)

Hilo la viti limenifurahisha. Nimemgusia mwandishi sasa hivi, kakubali, ila anauliza asome nini kabla asije akaumbuka.

Jamvi_la_Data

Sura ya 11 ya ile ripoti ya 2021, inayohusu matukio makali ya hali ya hewa. Asianzie mwanzo. Aende moja kwa moja kwenye maswali yanayoulizwa mara kwa mara. La tatu linauliza kama tukio kali la karibuni katika nchi yangu limesababishwa na mabadiliko ya tabianchi. Ni swali lake lilelile, na jibu lake halijazi kurasa nyingi. Mpe na mtafiti nakala yake.