Barua tuliyomlilia baba yao asaini ndiyo iliyowanyima watoto viza ya Uingereza

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira, mkikuta neno limekaa vibaya mnivumilie. Nimetoka zamu ya usiku alfajiri hii, usingizi hauji, nikaona bora nimwage hapa kuliko kumfokea mke wangu ambaye naye anajililia chumbani.

Mimi ni dereva wa basi hapa Leicester, pasi ya Uingereza ninayo mwaka wa tisa sasa. Mke wangu ni wa Tanga, Makorora. Nilimuoa akiwa na watoto wawili wa ndoa yake ya kwanza: binti ambaye leo ana miaka 17 na mdogo wake wa kiume wa miaka 11. Baba yao aliondoka huyu mdogo akiwa hajaanza kutambaa, akaenda kuanzisha mji mwingine Mwanza. Mimi nilipenda boga na ua lake, na niliyasema hayo mbele ya wazee siku ya posa. Kwa hiyo wale mtakaokuja na "watoto si wako, unahangaika nini", pitieni uzi mwingine.

Mama yao alifika hapa Februari 2023. Watoto wakabaki kwa bibi yao. Na hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na kosa hilo lina mwenyewe.

Kuna bwana mmoja tulikutana naye kwenye harusi, anajiita mshauri wa mambo ya uhamiaji. Ana kadi ya jina, ana suti, ana Kiingereza cha kutosha kukufanya ujione mjinga. Akatuambia: "Tangulieni nyie wawili, watoto mtawavuta baadaye, ni kitu cha wiki chache." Pauni 600 akachukua, risiti hakutoa. Kumbe hajasajiliwa popote. Hapa kutoa ushauri wa viza bila kusajiliwa ni kosa la jinai tangu Sheria ya Uhamiaji ya 1999, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi mtandaoni, dakika mbili tu unaiona. Sikuiangalia. Mtu mzima na akili zangu nilimuamini kishoka kwa sababu alikuwa anakula pilau meza moja na mimi.

Ubaya wa ule ushauri ni huu. Mtoto wa mwenzi wako hafuati viza ya mama yake kama behewa. Mama akiwa hapa na baba mzazi yuko hai mahali pengine, lazima mama athibitishe kwamba yeye peke yake ndiye amekuwa akibeba jukumu la malezi, na kwamba bado analibeba mpaka leo. Peke yake. Kuna mlango mwingine mdogo, wa kuonyesha kuna sababu nzito mno za kifamilia zinazofanya mtoto asiweze kuachwa huko, lakini huo ni kama tundu la sindano. Sasa jiulize: mama anayelala nyumba moja na wanawe Makorora na mama aliye Leicester miaka miwili anawalea kwa simu, yupi rahisi kuthibitisha? Tungeomba wote pamoja 2022 hizi nywele zingekuwa bado kichwani.

Haya, Mei 2025 tukapeleka maombi. Kipato hakikuwa tatizo. Sisi tulioanza kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 tunahesabiwa kwa kiwango cha zamani, pauni 18,600 kwa mwaka, unaongeza 3,800 ya mtoto wa kwanza na 2,400 ya kila anayefuata, kwetu ikawa 24,800. Wanaoanza sasa ni 29,000, poleni sana. Ada ya viza ilikuwa pauni 1,938 kwa kila mtoto. Juu yake ada ya afya, yaani ya kutibiwa hospitali za serikali hapa, pauni 776 kwa mtoto kwa mwaka, na unailipa yote mbele. Vyeti vya kifua kikuu. Nauli ya bibi na wajukuu kutoka Tanga kwenda Dar kupiga alama za vidole, na bibi mwenyewe ana sukari, basi linasimama kila mara yeye ashuke.

Sasa njooni kwenye ile barua.

Kutoa pasipoti za watoto tuliambiwa tulete ridhaa ya baba. Baba yupi? Namba yake haipatikani toka zamani. Shemeji yangu akapanda basi mpaka Mwanza, akamsaka siku tatu, akamkuta gereji anacheza drafti. Bwana akasema hana shida na watoto kusafiri, ila asaini bure kwani yeye ni mhuri? Akataka laki tatu ya soda. Nikatuma. Wakaenda kwa wakili wa mtaani, wakili akafungua kompyuta, akavuta hati ya kiapo aliyokwisha kuitumia kwa wengine mia, akabadilisha majina, akagonga mhuri. Shemeji akaipiga picha akanitumia. Niliisoma nikiwa kituoni nasubiri zamu, nikaona majina sawa, mhuri upo, nikasema alhamdulillahi.

Hati inasema: "Mimi baba mzazi, baada ya kushauriana na mama yao, nimekubali watoto wangu waende kuishi Uingereza."

Baada ya kushauriana na mama yao! Wakuu, hawa watu hawajashauriana hata bei ya nyanya kwa miaka kumi. Ni maneno ya wakili, yalikuwemo kwenye karatasi kabla shemeji hajaingia ofisini. Tukayafasiri kwa Kiingereza kwa pesa zetu wenyewe, tukayaambatanisha, tukaona tumefunga goli.

Jibu limekuja wiki iliyopita. Wamekataa wote wawili. Sababu ya kwanza kabisa: hati ya baba inaonyesha kwamba baba anashirikishwa kwenye maamuzi makubwa ya watoto, kwa hiyo mama habebi jukumu peke yake. Sababu ya pili: kwenye taarifa ya miamala ya pesa kwa simu ya mama, ambayo tuliichapa sisi kuonyesha mama anavyotuma matumizi, wamekuta elfu hamsini kutoka kwa baba, sikukuu ya Idi 2021. Elfu hamsini moja, miaka minne iliyopita, ya viatu, na kwao huyo tayari ni baba mlezi. Sababu ya tatu: ripoti za shule zimesainiwa na bibi. Sasa nani asaini, kunguru?

Na picha tulizotuma, watoto wanacheka barazani na bibi yao, wamevaa sare safi, zimegeuzwa kuwa ushahidi kwamba wanatunzwa vizuri walipo na hakuna sababu nzito ya kuwahamisha. Yaani tungewapiga picha wamechafuka wanalia ingetusaidia.

Tulichoweka cha maana kimepewa mstari mmoja tu. Risiti za ada zote, mlipaji ni mama. Mazungumzo ya WhatsApp na mwalimu wa darasa, kurasa arobaini na kitu. Mwaka jana mdogo alianguka kwenye mwembe akavunjika mkono, daktari akasema lazima apasuliwe, bibi akakataa kuamua chochote mpaka binti yake apigiwe. Tuliamshwa saa nane usiku, mama akazungumza na daktari, akakubali, akatuma pesa palepale. Barua ya daktari tuliiweka na inalisema hilo. Kama huo si uamuzi mkubwa wa maisha ya mtoto, basi sijui uamuzi ni nini.

Na sheria yao wenyewe haisemi lazima umpikie mtoto uji kila asubuhi ndio uhesabike. Kuna hukumu ya 2006, kesi inayojulikana kama TD (Yemen), ndiyo inayotajwa kila mara kwenye mambo haya. Inasema kazi za kila siku zinaweza kufanywa na ndugu mwingine. Kinachoangaliwa ni nani mwenye usukani wa malezi, nani anaamua mambo makubwa. Wakili tuliyempata sasa (huyu amesajiliwa, nimeangalia mara tatu) ndiye aliyenionyesha. Nikamuuliza, hawa walioandika jibu hawaijui? Akacheka tu.

Ila lililonikata maini ni jingine. Nikamuuliza, na mimi je? Nawalisha, nawasomesha, wananiita baba. Akasema kwenye kanuni zao baba wa kambo anahesabika kuwa mzazi pale tu ambapo baba mzazi amefariki. Yaani yule bwana wa drafti angekuwa kaburini, leo mimi ni mzazi halali. Yuko hai na hajui hata mwanawe anasoma darasa la ngapi, kwa hiyo mimi ni mpita njia mwenye mshahara.

Kuna jamaa kazini, Mwafrika mwenzetu, akaniambia ningewaandikisha tu kwa jina langu toka mwanzo. Hapana. Wakikushika na cheti cha uongo unapigwa marufuku ya miaka 10, na vipimo vya vinasaba vipo. Sitaki mwanangu aingie nchi ya watu kwa jina la kughushi.

Pesa: ada ya afya wanarudisha ukikataliwa. Ada ya viza hairudi. Pauni 3,876 zimeyeyuka, za madafu ni zaidi ya milioni 12. Tuna siku 28 za kukata rufaa, pauni 140 kila mmoja ukitaka kusikilizwa. Tumeamua rufaa, kwa sababu binti anatimiza 18 Desemba. Umri unahesabiwa siku uliyopeleka ombi, kwa hiyo kwenye rufaa bado ni mtoto. Tukichelewa kidogo tukaomba upya, keshakuwa mtu mzima, mlango umefungwa.

Mwezi ujao binti anaingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Wenzake walishampa jina, Leicester. Jana ametuma ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja: "Baba, au ni mimi nilikosea kujaza fomu?" Maana yeye ndiye aliyekaa na bibi kujaza. Sijamjibu mpaka saa hii.

Ninachotaka humu: aliyewahi kushinda rufaa ya namna hii watoto wakiwa kwa bibi, alipeleka nini? Kiapo cha mwalimu mkuu? Barua ya Ustawi wa Jamii? Amri ya mahakama kwamba mama ndiye mlezi inasaidia, au wataona tumeitafuta baada ya maji kumwagika? Na walio mwanzoni: soma kila neno la hati ya baba kabla hajasaini. Kama hahusiki, hati iseme hahusiki.

NYONGEZA: Wanaouliza kwa nini nisimrudie yule bwana aandike kiapo kingine chenye ukweli, kwamba hajawahi kushauriwa wala kushauri. Wakili naye kasema hivyohivyo. Shemeji kampigia jana usiku. Soda imepanda bei, sasa anataka laki sita.