Toyota inaifanya Lexus mtoto wa kambo, nimechoka kunyamaza

Wakuu, nauandika huu uzi nikiwa na hasira, mnivumilie.

Desemba 2025 Toyota waliweka hadharani magari matatu kwa mpigo: GR GT, gari la michezo la Toyota yenyewe, ndugu yake wa mashindano GR GT3, na LFA Concept ya Lexus, nembo yao ya magari ya anasa. GR GT imepewa V8 (injini ya silinda nane) mpya ya lita 4.0, turbo mbili na mota ya umeme, lengo nguvu za farasi 650 kwenda juu na uzito usiozidi kilo 1,750. Lexus imepewa fremu ileile ya alumini, betri, na jina. Yaani LFA, jina ambalo watu walilitolea jasho miaka kumi, limebandikwa kwenye gari lisilo na injini.

Wadogo zetu ambao hawakuikuta LFA yenyewe wajue tunacholilia. Zilitengenezwa 500 tu, kuanzia Desemba 2010 hadi Desemba 2012, kwenye kiwanda cha Motomachi. V10 ya lita 4.8, imesukwa pamoja na Yamaha, inazunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Kutoka sailensa, injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, hadi huko juu ilitumia sekunde 0.6, na mshale wa kawaida wa dashibodi haukuweza kuifuata, ikabidi waweke skrini. Mhandisi mkuu Haruhiko Tanahashi alikuwa ameshafika mbali na bodi ya alumini, akaitupa na kuanza upya na nyuzi za kaboni ili apunguze kilo. Nguzo za paa zilifumwa kwa mashine ya kufuma ya duara, na kampuni yenyewe chimbuko lake ni mashine za kufuma za mzee Sakichi Toyoda. Gia wakaipeleka nyuma, rejeta nazo nyuma, uzito ukakaa 48 mbele kwa 52 nyuma. Kilo 1,480. Hiromu Naruse, dereva mkuu wa majaribio wa Toyota, alifariki Juni 2010 akiwa kwenye LFA barabarani karibu na Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani. Hilo ndilo jina mnalochezea.

Na huu mchezo hawajauanza jana. Lexus SC, coupe ya milango miwili, ilitoka 1991, Toyota Supra ikaja 1993 juu ya msingi uleule. Supra ikapewa injini ya 2JZ-GTE ya turbo mbili, SC 300 ikaachiwa 2JZ isiyo na turbo. Njooni kwenye Altezza, gari ambalo wengi humu mmelipanda au mnalo. Nje ya Japani liliitwa Lexus IS. Altezza RS200 ilikuwa na injini ya 3S-GE ya farasi 210, Lexus IS 200 ikapewa injini ya 1G ya farasi 155. Mimi naendesha RS200 ya gia sita. Ukiwa gia namba tatu, ukivuka elfu sita, injini inageuka kuwa kitu kingine, inalia kwa hasira na bado inavuta, na ni lita mbili tu bila turbo. Bodi ni ileile. Mwenye nembo ya L alinyimwa hiyo ladha kwa sababu ipi?

Sasa LC 500, coupe kubwa ya Lexus. Akio Toyoda mwenyewe, aliyekuwa rais wa Toyota, amesimulia mara nyingi kwamba mwaka 2011 kwenye maonyesho ya magari ya Pebble Beach, California, aliambiwa usoni Lexus zinaboa, ikamuuma. Kilichozaliwa ni LC, na aliyeisimamia ni Koji Sato, ambaye 2023 alikuja kuwa rais wa Toyota. LC ni nzuri, sibishi. Mishono ya ngozi, milango, ile V8 ya lita 5.0, kila kitu ni cha heshima. Lakini ina zaidi ya kilo 1,900! Viti vya nyuma mtu mzima hakai, otomatiki ya gia kumi, na gia ya mkono haikuwahi kutolewa hata kwa mwaka mmoja. Hilo ni gari la safari ndefu. Ukiingia nalo kwenye kona mbili za kufuatana unausikia uzito unahama upande mmoja kwenda mwingine, na hakuna shokabu wala tairi pana itakayoufuta.

Msiniambie wateja wa anasa hawataki gari jepesi la gia ya mkono. Porsche wanauza SUV yao ya Cayenne tangu 2002, mama zetu na mabosi wanazinunua, na bado 911 GT3 ipo: lita 4.0 bila turbo, mzunguko 9,000, ukitaka gia sita za mkono unapewa, kilo kama 1,420. Mteja mwenye hela anayetaka gari la hivyo yupo, na Lexus wanamwacha aende kwa jirani.

Kujenga gari la hivyo Lexus wanajua. Waanze na kilo, waandike 1,400 ukutani na yeyote atakayeongeza moja aeleze itatoka wapi. Viti viwili. Injini ndogo ya lita 2.0 yenye turbo wanayo, Januari 2025 waliionyesha ikiwa katikati ya GR Yaris M Concept. Gia ya mkono wanayo pia, na hapa ndipo damu inanichemka zaidi: Lexus LBX Morizo RR ya 2024 ina gia sita na klachi, farasi 304. Wameiweka kwenye kiSUV kidogo cha mjini! Nani alikaa kwenye kikao akaamua klachi iende huko na coupe zikose? Ule ufundi wa ngozi na mbao ubaki, haujawahi kumzuia mtu kukata kona. Kinachozuia ni mota za viti, vioo vizito na skrini juu ya skrini.

Umeme siuchukii. Betri ni nzito, basi, na aliyetupa bodi ya alumini ili apunguze kilo angewaambia hivyohivyo.

Mwenye mtu anayemjua ndani ya Lexus, hata kwa wakala wa Dubai au Muscat, amfikishie hili. Hiyo LFA Concept bado haijaanza kuuzwa, na fremu yake imetoka kwenye GR GT. V8 inaingia. Iwekeni.