District 9 au Snowpiercer: nionyeshe ipi?

Mwanagenzi: Wakuu, Jumamosi naonyesha filamu moja ya kisayansi, kisha tuijadili kisiasa. Nimebaki na mbili: District 9 (2009) na Snowpiercer (2013). Ipi?

KalamuNyeusi: Watazamaji ni kina nani? Mna muda gani? Au tukupigie ramli?

MsafiriNyota: District 9. Viumbe kutoka anga za mbali wamerundikwa mabandani Johannesburg, halafu kampuni ya silaha inawahamisha kwa nguvu. Anayeikumbuka District Six ya Cape Town, iliyotangazwa eneo la Wazungu mwaka 1966, hahitaji maelezo.

BintiSauda: Na Wanaijeria waliomo? Majambazi watupu, wanakula nyama ya hao viumbe wapate nguvu. Serikali ya Nigeria yenyewe ililalamika. Filamu ya kukemea ubaguzi hiyo! Chukua Snowpiercer: mafukara behewa la mkia, mabwana la mbele. Mtu haulizi maana yake.

MsafiriNyota: Jambazi ni jambazi tu.

BintiSauda: Mbona hatuoneshwi Mnaijeria hata mmoja mwema?

BabuProjekta: Chochote utakachochagua, toa utangulizi. Mimi niliwahi kuonyesha Starship Troopers (1997). Mwongozaji wake, Verhoeven, alikulia Uholanzi iliyokaliwa na Wanazi, na humo anaukejeli ufashisti waziwazi: zile sare, yale matangazo ya serikali, kura hupigi mpaka uwe umetumikia. Nikanyamaza, nikijua wataona wenyewe. Wee! Kila mdudu, ndio maadui humo, akilipuliwa ukumbi mzima unashangilia. Taa zikawashwa, nikauliza wameonaje. Kijana mmoja akasema nchi ingeendeshwa hivyo tungenyooka, wenzake wakampigia makofi. Nilipoeleza kuwa ni kejeli, nikaonekana mimi ndiye sikuelewa. Fumbo mfumbie mjinga, wanasema. Na wale hawakuwa wajinga hata kidogo.

KalamuNyeusi: Hata Invasion of the Body Snatchers (1956), ile ya watu kubadilishwa na nakala zao kutoka anga, watu hawajakubaliana. Wengine wanaona hofu ya ukomunisti, wengine McCarthy, yule seneta wa Marekani aliyewasaka wakomunisti.

MsafiriNyota: Ukomunisti, bila shaka.

BintiSauda: McCarthy! Tazama majirani wanavyogeukana.

Mwanagenzi: Samahani, nilisahau. Ni wanafunzi wa miaka 13, tuna dakika 40.

KalamuNyeusi: Dakika 40! Zote mbili zinapita saa moja na nusu, na damu humo si ya watoto.

BabuProjekta: Basi Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009). Ni kama dakika 20: vita vya maji vimepita, watu wanachuja jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa.

Mwanagenzi: Lakini mabango ya District 9 nimeshabandika…

MsafiriNyota: BintiSauda, majirani kugeukana ndiyo hofu yenyewe ya ukomunisti.