Tulilipia vijiji vya vilimani Italia, tukaendeshwa kwenye barabara ya malori: malalamiko yangu

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sina sababu ya kuificha. Mwezi Juni mimi na mdogo wangu tulilipa euro 2,150 kila mmoja kwa safari ya pikipiki ya siku 6 katika vijiji vya vilimani vya Toscana na Umbria. Tulichopewa ni barabara kuu za kulipia, hoteli zilizojengwa kando ya maegesho ya malori, na pikipiki moja yenye tairi ambalo bodaboda yeyote makini wa Moshi angekataa kumpakilia abiria. Kana kwamba hayo hayakutosha, kampuni imekata euro 640 katika dhamana yetu kwa mkwaruzo uliotokana na tairi hilohilo.

Ninaishi Ujerumani kwa mwaka wa kumi na moja sasa na pikipiki ndiyo usafiri wangu wa kila siku kuanzia Machi hadi Oktoba. Mdogo wangu anafanya biashara ya kunde, choroko na adesi huko Moshi. Alijinyima karibu miaka miwili kwa ajili ya safari hii. Alilipa euro 90 za viza, nauli ya ndege, leseni ya kimataifa, na hata koti la kuendeshea alilinunua mwenyewe ili asivae la kuazima. Njia ya safari aliichagua yeye. Aliisoma kwenye tangazo la kampuni mara nyingi kiasi kwamba alikuwa akinitajia majina ya vijiji kwa mpangilio kabla mimi sijaufungua ukurasa. Ndiyo maana inaniuma kuliko ambavyo ingeniuma kama ningekuwa nimekwenda peke yangu.

Mkataba, ambao ninao hapa mezani, unataja njia waziwazi. Siku ya kwanza ni kutoka Firenze hadi Siena kwa barabara ya SR222, ile inayoitwa Chiantigiana, kupitia Greve, Panzano na Castellina. Siku ya pili ni Asciano, Montalcino na Pienza, na kulala Pienza ndani ya kuta za mji. Siku ya tatu ni kupanda Monte Amiata, kushuka Pitigliano na kumalizia Civita di Bagnoregio. Siku ya nne ni Orvieto hadi Todi kwa barabara ya juu ya vilima, kisha Spello. Siku ya tano ni Castelluccio di Norcia. Siku ya sita ni kurudi kupitia Cortona. Tangazo liliahidi zaidi ya kilomita 1,000 za kona. Anayeendesha pikipiki anaelewa kwa nini mtu analipa fedha nyingi kwa ahadi hiyo: vijiji vile vilijengwa juu ya vilele kwa sababu za ulinzi, kwa hiyo barabara ya kuvifikia ni ya kuzunguka mlima kwa kona baada ya kona, na safari yenyewe ndiyo hiyo. Mtu akikupeleka kwa barabara iliyonyooka bondeni, amekuuzia kitu kingine kabisa.

Asubuhi ya siku ya kwanza, Firenze, nilichuchumaa nyuma ya pikipiki aliyopewa mdogo wangu, yenye injini ya cc 850, nikachomeka sarafu ya euro moja katika mifereji ya tairi la nyuma. Sisi tunaoishi Ujerumani tunaujua utaratibu huu, kwa kuwa ukingo wa dhahabu wa sarafu hiyo una upana wa milimita 3. Katikati ya tairi, mpira ulifunika chini ya nusu ya ukingo. Kiwango cha chini kisheria kwa pikipiki nchini Italia ni milimita 1. Lakini kilichonishangaza zaidi ni umbo la tairi lenyewe. Katikati lilikuwa bapa na karibu kipara, ilhali pembeni, sehemu inayogusa lami pale dereva anapolaza pikipiki kwenye kona, bado lilikuwa na vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya. Tairi halichakai hivyo milimani. Linachakaa hivyo kwa kwenda moja kwa moja, kwa mwendo mkubwa, kilomita kwa maelfu. Nilipaswa kuelewa saa ileile kwamba tairi lile lilikuwa linanieleza safari za kampuni hii zinapita wapi.

Nilimwita kiongozi wa msafara, nikamwonesha. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akasema kwamba ni zima kabisa, na niliposisitiza akaahidi kwamba tairi lingebadilishwa Siena jioni hiyo. Nilipiga picha tatu, sarafu ikiwa ndani ya mfereji, namba ya pikipiki ikionekana. Tukaondoka pikipiki nane, watu kumi.

Chiantigiana hatukuiona. Kiongozi alituingiza moja kwa moja kwenye ile barabara ya njia mbilimbili inayounganisha Firenze na Siena, ambayo haifiki hata kilomita 60, yenye lami iliyochoka na malori pande zote. Baada ya muda usiofika saa moja tulikuwa Siena, tukiwa tumeviacha vijiji vyote vya siku ya kwanza mashariki, nyuma ya vilima. Nilipomuuliza, alisema kwamba kundi lilichelewa kuondoka. Tulikuwa tumechelewa kwa dakika ishirini, na tulichelewa kwa sababu ya tairi lake. Jioni hapakuwa na fundi wala tairi jipya, bali ahadi nyingine.

Nitakuwa mkweli kuhusu siku ya pili, kwa kuwa sitaki mtu aseme kwamba nimekuja hapa kuponda kila kitu. Asubuhi ile tulipita kweli katika vilima vya udongo wa kijivu vya Crete Senesi, tukapita Asciano, tukapanda Montalcino, na kwa saa chache mdogo wangu aliendesha mbele yangu akiilaza pikipiki taratibu kushoto na kulia, ngano ikiwa imeanza kugeuka rangi ya dhahabu kandokando. Tulipofika Pienza alisimama akaweka kiganja ukutani, kwenye jiwe lililopata joto la jua, akaniuliza, "Kaka, huu ndio mji ambao Papa aliujenga upya?" Ndio huo. Papa Pius II alizaliwa hapo kikiwa kijiji kinachoitwa Corsignano, na kuanzia mwaka 1459 alimpa kazi msanifu majengo Bernardo Rossellino ya kukifanya kuwa mji, na tangu mwaka 1996 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mdogo wangu alikuwa amesoma yote hayo. Tulipewa dakika arobaini. Hatukuwa tumemaliza hata kuzunguka upande wa ukuta unaotazama bonde la Orcia wakati kiongozi alipoanza kupiga honi kule maegeshoni. Wala hatukulala Pienza. Tulilala hotelini kando ya mlango wa kulipia wa barabara ya A1, bondeni, ambako usiku kucha breki za malori zilikuwa zikipumua chini ya dirisha letu.

Kwa nini hotelini pale? Jibu tulilipata asubuhi ya siku ya tatu: ili tuingie A1 mapema. Monte Amiata, wenye mita 1,738, tuliuona kwa mbali upande wa kulia. Pitigliano, mji uliosimama juu ya mwamba wa tufo, ambao Waitaliano huuita Yerusalemu Ndogo kwa sababu ya jamii ya Wayahudi iliyoishi humo kwa karne nyingi, hatukuuona hata kwa mbali. Tulitoka barabarani Orvieto, tukapelekwa Bagnoregio, na tukaoneshwa Civita kutoka kwenye sehemu ya kutazamia, ng'ambo ya bonde. Civita inafikika kwa miguu tu, kwa daraja jembamba lenye urefu wa takriban mita 300, kwa sababu mwamba ulio chini yake unamomonyoka na umeshameza sehemu za mji. Waitaliano wenyewe huuita mji unaokufa. Kiingilio ni fedha ndogo ambazo mkataba wetu unasema zimo katika bei. Kiongozi alisema hakuna muda, tupige picha tuondoke. Watu wazima kumi, tuliolipa maelfu ya euro, tulisimama kwenye ukingo kama watoto walionyimwa ruhusa, tukiwatazama watu wengine wakivuka daraja.

Siku ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Kati ya Orvieto na Todi kuna barabara mbili, na kila mwendesha pikipiki wa eneo lile anazijua: ile ya 79bis inayopita juu ya vilima kwa kona zisizokwisha, na ile ya 448 inayofuata bonde kando ya ziwa la Corbara. Mkataba unataja ya juu. Tulipitishwa ya chini. Mvua ilianza karibu na Todi, na kwenye mzunguko wa kuingilia barabara ya mwendo kasi, tairi la nyuma la mdogo wangu liliteleza. Nilikuwa nyuma yake mita kama ishirini. Hakuwa na mwendo wala hakushika breki. Niliona mkia wa pikipiki ukihama tu, taratibu, kama kitu kilichowekwa juu ya sabuni, kisha sanduku la pembeni likagusa lami, naye akaanguka kwa goti. Namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na gari nyuma yetu. Goti lilivimba kwa siku tatu. Sanduku lilipata mkwaruzo wenye urefu wa kiganja changu. Kiongozi alirudi, akaikagua pikipiki kwanza, ndipo akamuuliza mdogo wangu hali yake. Huo mpangilio wa kukagua sitausahau.

Tairi lilibadilishwa asubuhi iliyofuata. Kwa hiyo muda wote ule kubadilisha kuliwezekana.

Siku ya tano sasa. Castelluccio ni kijiji kilicho kwenye mita 1,452, juu ya uwanda wa Piano Grande, na adesi zake zinajulikana Italia nzima. Tetemeko la tarehe 30 Oktoba 2016, lenye ukubwa wa 6.5, lilikibomoa karibu chote, lakini wakulima waliendelea kupanda, na kati ya mwisho wa Juni na Julai mashamba yale hujaa mipopi myekundu na maua ya bluu yanayojiotea katikati ya adesi. Kwa muuza adesi wa Moshi hapo ndipo palipokuwa kilele cha safari. Alitaka kushika udongo wao, kuona wanapanda kwa nafasi gani, na alikuwa amebeba kifuko cha adesi zake ili amwoneshe mkulima yeyote atakayekutana naye. Asubuhi kiongozi alitangaza kwamba barabara imefungwa. Mwenye hoteli, mama mtu mzima aliyekuwa akitumiminia kahawa, alishangaa, akasema kwamba wageni wake wawili walishuka kutoka huko jana yake jioni. Kiongozi hakumjibu. Tukapelekwa kwenye kituo cha maduka ya nguo kando ya barabara ya mwendo kasi, tukapewa saa tatu za kununua vitu. Kile kifuko cha adesi kilirudi Moshi kama kilivyokuja.

Simu yangu ilirekodi safari yote. Jumla ni kilomita 685, na kati ya hizo 388 ni za barabara za kulipia na za mwendo kasi, ikiwemo karibu siku nzima ya sita, kwa kuwa Cortona nayo ilirukwa.

Nimeandikiana na kampuni mara nne. Wanasema kwamba mkataba unawaruhusu kubadili njia kutokana na hali ya hewa na usalama. Nimewajibu kwamba mvua ilinyesha alasiri moja tu, na kwamba jambo pekee lililohatarisha usalama lilikuwa tairi lao. Nimewakumbusha pia kwamba safari iliyouzwa kwa pamoja, yaani pikipiki, hoteli na kiongozi kwa bei moja, inasimamiwa na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, ambayo Italia iliyaingiza katika sheria zake mwaka 2018 kwa amri namba 62. Mwandaaji ndiye anayewajibika kwa kila huduma aliyoiahidi, na mteja ambaye hakupewa alichoahidiwa ana haki ya kupunguziwa bei. Mteja anatakiwa kulalamika bila kuchelewa. Nililalamika siku ya kwanza, saa mbili na nusu asubuhi, na picha zina saa.

Ninadai mambo matatu: euro 640 za dhamana zirudi zote, thuluthi ya bei irudishwe kwetu sote wawili, na picha za Civita na Castelluccio ziondolewe kwenye tangazo lao mpaka siku watakapowafikisha watu huko. Barua ya mwisho, kwa njia ya rejista, waliipokea Jumatatu iliyopita, na nimewapa siku 14.

Ndugu zangu mlioko Italia, hasa mnaoishi Perugia na Firenze, naomba anayejua taasisi ya kutetea walaji inayopokea malalamiko ya mgeni asiye mkazi anielekeze. Na mwanajukwaa yeyote aliyewahi kusafiri na kampuni ya namna hii akarekodi njia kwa simu, alete kilomita zake tulinganishe. Picha za tairi, ramani ya kila siku na kurasa za mkataba nitaziambatisha hapa chini. Jina la kampuni nimelifuta kwa sasa, hadi siku hizo 14 zitakapokwisha.