Mrejesho: mafua ya binti yangu wa miezi 7

Wapendwa, asanteni. Ni mimi niliyeuliza wiki iliyopita kama nimpe mwanangu dawa ya kikohozi, pua imeziba, kunyonya shida, kulala shida. Sikumpa. Asali nayo niliacha, hajafikisha mwaka (bibi yake kaninunia siku mbili!). Kilichosaidia ni matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa: mawili kila tundu, nasubiri kidogo, navuta kamasi kwa kile kipira, ndipo namnyonyesha. Usiku wa tatu nikaona kama anahema haraka. Nikahesabu dakika nzima akiwa ametulia: 44. Nesi alishaniambia kwa umri wake ikifika 50, au kifua kikibonyea ndani, au akigoma kunyonya, ni hospitali moja kwa moja. Leo siku ya nane, kamasi ni za asubuhi tu, na ananyonya kwa fujo.