Buffalo Sabres: miaka 14 bila mtoano hadi 2025, na bado tuliambiwa tuwe na subira!

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Msimu wa 2024-25 ulikwisha na Sabres, timu yetu ya hoki ya barafuni ya mji wa Buffalo, jimbo la New York, wakakosa mtoano wa kugombea kombe kwa mara ya 14 mfululizo. Hakuna timu nyingine katika historia ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Kabla ya hapo mara ya mwisho waliingia 2011, kocha akiwa Lindy Ruff, na kocha wa msimu huo wa 2024-25 alikuwa Lindy Ruff huyo huyo aliyerudishwa 2024. Namheshimu sana mzee yule, lakini kurudisha sura ya zamani si mpango.

Tuuangalie ule mwezi wa aibu. Kuanzia mwishoni mwa Novemba 2024 hadi karibu na Krismasi walicheza mechi 13 bila kushinda hata moja. Kumi walifungwa ndani ya dakika 60, tatu zikawaponyoka baada ya hapo (ushindi ni pointi mbili, kufungwa baada ya dakika 60 ni moja), kwa hiyo kati ya pointi 26 walizokuwa wakizigombea waliokota 3. Tatu! Walimaliza msimu na pointi 79. Montreal, walioingia mtoano kwa nafasi ya mwisho upande wa Mashariki, walikuwa na 91. Pigeni hesabu wenyewe msimu ulifia wapi.

Mechi iliyoniuma kuliko zote ni ya Desemba 3 dhidi ya Colorado. Nyumbani, kipindi cha kwanza tu, tunaongoza 4-0. Tukafungwa 5-4. Msiniambie ni bahati mbaya, maana ugonjwa huu tunaujua. Timu ikiruhusu bao moja, kila mtu anaingiwa na hofu. Mabeki wanarudi nyuma mpaka wanamziba kipa wao macho, mafowadi wanakipiga kisahani (ndicho mpira wa hoki) mbele bila kuangalia, wapinzani wanakiokota na kurudi nacho. Kulinda uongozi ni kazi ya kuchosha: kutoka barafuni mapema umpishe mwenzako kabla miguu haijaisha, kushinda mipambano ya kwenye ukuta wa uwanja, kukitoa kisahani eneo lako kwa pasi fupi. Hayo yanafundishwa, na yanahitaji wakongwe wawili watatu wa kuwatuliza vijana. Wakongwe hao wako wapi?

Halafu katikati ya balaa hilo meneja mkuu wa wakati huo, Kevyn Adams, anawaambia waandishi kwamba Buffalo hakuna minazi na New York kuna kodi, kana kwamba ndiyo sababu ya wachezaji kutotaka kuja. Winnipeg, kule Kanada, kuna minazi? Baridi ya kule inajulikana, na msimu huo huo timu yao ilimaliza kinara wa ligi nzima. Wachezaji wanafuata ushindi, bwana!

Na vipaji tulikuwa navyo. Tage Thompson alifunga mabao 44 msimu wa 2024-25. Tatizo ni kwamba tunao, tunawaachia, wenzetu wanabeba kombe. Ryan O'Reilly aliondoka 2018, mwaka uliofuata akaipa St. Louis Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mtoano. Jack Eichel, baada ya kuvutana na timu kuhusu upasuaji wa shingo aliotaka, alipelekwa Vegas 2021 na akabeba 2023. Sam Reinhart amebeba mara mbili na Florida, 2024 na 2025, na katika mechi iliyoamua fainali ya 2025 alifunga mabao manne peke yake. Manne! JJ Peterka naye akapelekwa Utah mwaka huo huo wa 2025.

Terry Pegula aliinunua timu 2011. Amebadilisha makocha na mameneja, lakini kila anayekuja anatuomba muda uleule. Mashabiki wameutoa. Kwa msimu wa 2025-26 sikutaka kusikia neno "vijana". Nilitaka beki mzoefu na fowadi anayejua kulinda bao moja dakika tano za mwisho, wasajiliwe kabla ya Oktoba 2025.

Hadi msimu wa 2024-25 unakwisha, nahodha Rasmus Dahlin alikuwa amemaliza misimu saba hapa bila kucheza hata mechi moja ya mtoano. Angeomba kuondoka wakati ule, nani kati yenu angemlaumu?