Naomba ushauri: vijana tunaogawana na bendi za vijana

Habari zenu wanakikundi. Bendi yetu ya ngoma na tarumbeta, inayopiga muziki huku ikitembea kwa mpangilio uwanjani, iko mashariki mwa Pennsylvania, Marekani; ni ya rika zote na hufanya mazoezi wikiendi. Bendi kubwa za vijana, ukomo miaka 21, husafiri kiangazi kizima hadi fainali za mashindano yao za Agosti, Indianapolis. Wenye miaka 16 hadi 20 hufanya usaili kwetu na kwao pia. Wakiitwa kule mwezi Mei, kila pengo linatulazimu kuchora upya hatua za wenzao uwanjani. Tumejaribu wachezaji wa akiba: muziki wanaujua, nafasi za kusimama hawazijui. Kumzuia kijana hatutaki kabisa, miaka yake kule ni michache.

Je, tuweke lini tarehe ya mwisho ya kuamua? Na kambi za mazoezi za majira ya baridi tuzipangeje na bendi jirani zisigongane?